Je, Wajua Kompyuta Hutambuaje Takwimu Yenye Kosa Ilhali Haijui Ukweli Wenyewe?

Kompyuta inayotunza kanzidata ya takwimu za afya haijawahi kufika zahanati yoyote, haijui ni mtoto gani alichanjwa siku ya kliniki, wala haina namna ya kumuuliza muuguzi wa zamu. Hata hivyo, ripoti za mwezi zinapokwisha kuingizwa, mashine hiyo huchukua dakika chache tu kutoa orodha ya vituo ambavyo tarakimu zake zina walakini. Inawezaje kufanya hivyo, wakati haina cha kulinganisha na hali halisi? Inachofanya ni kulinganisha takwimu na takwimu, na pale mbili zinapogongana, hujua kwamba angalau mojawapo ina kasoro, ingawa mara nyingi haiwezi kusema ni ipi.

Mfano ulio karibu nasi ni DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, ambayo chimbuko lake ni mradi ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda nazo huitumia kukusanya takwimu za vituo vya afya. Kwa Tanzania, tarakimu hizo huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambamo mhudumu huandika kwa kalamu, kisha hujumlishwa mwisho wa mwezi na kuingizwa kwenye mfumo. Kila hatua ya safari hiyo ni nafasi ya kuruka mstari, kusoma 1 kama 7, au kuongeza sifuri moja.

Tuchukue chanjo ya Penta, inayomkinga mtoto dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na maambukizi ya bakteria wa Hib. Mtoto hupewa dozi tatu, akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Kwa kuwa hakuna anayefika dozi ya tatu bila kupitia ya kwanza, na kwa kuwa wapo watoto wanaoacha kuhudhuria njiani, idadi ya dozi za tatu inatarajiwa kuwa sawa na ya dozi za kwanza au pungufu. Mtaalamu huiandika hoja hiyo kama kanuni ya uhakiki: upande wa kushoto Penta 1, upande wa kulia Penta 3, na katikati alama ya “kubwa kuliko au sawa na”. Kituo kikileta dozi za kwanza 31 na za tatu 46, kanuni imevunjwa na kituo huingia kwenye orodha.

Je, hilo ni kosa kwa hakika? La, na hapa ndipo wengi wanaotunga kanuni hizi hujikwaa. Watoto waliopata dozi ya tatu mwezi huu si wale wale waliopata ya kwanza mwezi huu. Wale wa dozi ya tatu walianza miezi miwili iliyopita. Katika zahanati ndogo, familia kadhaa zikihamia kijijini, au chanjo ikiwa iliadimika mwezi uliotangulia na watoto wakarudi kwa pamoja, dozi za tatu zinaweza kuzidi za kwanza bila mtu yeyote kukosea. Kwa sababu hiyo kanuni ya namna hii hufaa zaidi kupimwa kwa takwimu za mwaka mzima au za wilaya nzima, na ikipimwa kwa mwezi mmoja wa kituo kimoja ichukuliwe kuwa onyo tu. DHIS2 ina chaguo la kukataza ripoti isikamilishwe mpaka kanuni zote zitimie, na kwa maoni yangu chaguo hilo litumike kwa uangalifu mkubwa, maana mtunza takwimu aliyechoka, anayezuiwa na mashine saa kumi na moja jioni, ataona ni rahisi zaidi kubadili 46 kuwa 31 kuliko kurudi kwenye rejesta.

Swali la lini uhakiki ufanyike ni la zamani. Edgar F. Codd wa IBM, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyoweka msingi wa kanzidata za majedwali, alitaja njia mbili: kukagua kila mara data inapoingizwa au kufutwa, jambo linalopunguza kasi ya kazi, au kukusanya ukaguzi na kuufanya kwa mkupuo, mara moja kwa siku au kwa nafasi zaidi. Mifumo mingi ya leo hutumia zote mbili.

Ukaguzi wa papo kwa papo hufaa kwa masharti yasiyo na mjadala. Kila msimbo wa kituo unaoandikwa kwenye jedwali la ripoti sharti uwepo kwenye jedwali la vituo. Usipokuwepo, ripoti hiyo ni rekodi yatima na hakuna halmashauri inayoweza kuihesabu. Kanzidata yenyewe huweza kuikataa rekodi kama hiyo, mradi imeagizwa. Nasema “mradi” kwa sababu ulinzi huu si wa kuaminiwa kwa jina tu. Chukua programu tatu maarufu za kanzidata: SQLite haikagui uhusiano huo mpaka ipewe amri, na MySQL, kabla ya toleo la 8.0.16 la mwaka 2019, ilikubali kuandikiwa sharti la CHECK, linaloweka mipaka ya thamani zinazokubalika, bila kulalamika kisha ikalipuuza kimya kimya. PostgreSQL nayo inaruhusu kuongeza sharti jipya bila kupitia rekodi za zamani, hivyo jedwali linaweza kuwa na ulinzi kamili kwa yanayokuja huku likifuga uchafu wa miaka iliyopita. Ndiyo maana ukaguzi wa mkupuo bado unahitajika.

Katika DHIS2 ukaguzi huo wa mkupuo hutafuta, pamoja na mengine, vituo visivyo na ngazi ya juu yake, vituo ambavyo alama yake ya ramani imeangukia nje ya mipaka ya wilaya vinakodaiwa kuwepo, na vituo vilivyo ndani ya kilomita 100 kutoka mahali ambapo latitudo na longitudo zote ni sifuri. Mahali hapo ni bahari tupu, katika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Zahanati hufikaje huko? Mara nyingi mtu aliacha visanduku wazi, na programu ikajaza sifuri. Nchi kama Kenya na Uganda, zinazokatwa na Ikweta, zinaweza kuwa na kituo halali chenye latitudo ya sifuri, lakini longitudo ya sifuri hazinayo.

Kundi gumu zaidi ni la tarakimu ambayo haigongani na kanuni yoyote ila inashangaza. Njia ya kawaida ni kutafuta wastani wa miezi iliyopita, kupima jinsi takwimu zinavyotawanyika kuuzunguka, kisha kuhoji kila thamani iliyo mbali na wastani kwa zaidi ya mara 3 ya kipimo hicho cha mtawanyiko. Inaonekana salama, lakini ina mtego. Tuseme kituo kimeripoti watoto 38, 41, 40, 43, 39, 42, 37, 40 na 41 kwa miezi tisa, na mwezi wa kumi mtu akaandika 410 badala ya 41. Macho ya binadamu yataliona kosa mara moja. Mashine ikiichanganya 410 hiyo katika hesabu, wastani unapanda hadi 77.1 na kipimo cha mtawanyiko kinafika takriban 117, kwa hiyo 410 inaonekana kuwa mbali na wastani kwa mara 2.85 tu, na inapita. Hata angeandika milioni nne ingepita, kwa sababu kihisabati, kwa takwimu kumi zinazopimwa hivyo, hakuna thamani inayoweza kuvuka 2.85. Kosa limejitengenezea maficho yake. Dawa ni kutumia thamani ya katikati, yaani ile inayoangukia katikati takwimu zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, badala ya wastani. Kwa orodha hii ni 40.5, na haiyumbishwi na tarakimu moja iliyopotoka.

Chini ya hayo yote kuna ukaguzi usiojali maana ya tarakimu. PostgreSQL, ambayo ndiyo DHIS2 huitegemea, hugawa data katika kurasa za kilobaiti 8, na ikiwezeshwa huandika kwenye kila ukurasa namba ndogo iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukurasa unaposomwa kutoka diskini hesabu hurudiwa, na namba zisipolingana mfumo hutoa kosa, kwani diski imeharibu kitu. Uwezo huo ulikuja na toleo la 9.3 la mwaka 2013, lakini msimamizi alilazimika kuuwasha mwenyewe mpaka toleo la 18, mwaka 2025, lilipoufanya kuwa wa kawaida.

Linabaki kosa ambalo kanuni zote hulipitisha: tarakimu isiyo ya kweli inayopatana na jirani zake zote. Kituo kinachokisia watoto 50 wa dozi ya kwanza na 48 wa dozi ya tatu, kila mwezi, hakitaonekana kwenye orodha yoyote kati ya hizi, isipokuwa mtu atakapotilia shaka utulivu huo. Hapo timu ya usimamizi hulazimika kwenda kituoni, kufungua rejesta, kuhesabu upya jina kwa jina, na kugawanya idadi iliyopatikana kwa ile iliyoripotiwa. Jibu likiwa 1, ripoti na kitabu vinakubaliana; rejesta ikiwa na majina 38 dhidi ya 50 zilizoripotiwa, jibu ni 0.76, na mazungumzo na mganga mfawidhi huanzia hapo.