Baridi ya Mbeya isikudanganye, jua linaunguza

Watu wengi huku wanaamini ukipanda mlima Loleza au ukienda kuona maua hifadhi ya Kitulo huhitaji kofia maana kuna baridi, eti jua kali ni la Dar. Sio kweli. Kinachounguza ngozi sio joto, ni miale ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na hiyo inaongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, sasa Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi we piga hesabu mwenyewe. Tena Dar joto litakukimbiza kivulini, huku upepo unakupoza unakaa juani weee mpaka jioni ndo unashtuka pua inawaka moto. Mawingu mepesi nayo yanapitisha. Tembeeni jamani, kutembea kunatuliza kichwa kweli, ila kofia pana na mikono mirefu, hasa saa 4 mpaka saa 10, na ndugu zetu wenye ualbino ndo kabisa.