Ulezi wa kitaaluma kwa wanaume Weusi wapenzi wa jinsia moja: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Ulezi huu umezuka juzi tu katika vyuo vikuu vya Marekani.

Ukweli: Alain Locke, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Rhodes wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 1907, alifundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Howard na alikuwa mpenzi wa jinsia moja. Waandishi vijana wengi wa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, walipita mikononi mwake, na mashairi ya mmoja wao, Countee Cullen, yakaingia katika kitabu alichokihariri mwaka 1925, The New Negro. Mwaka huohuo Howard ilimwachisha kazi baada ya walimu Weusi kudai mishahara sawa na ya wenzao Wazungu, ikamrudisha mwaka 1928. Ulezi wenyewe ulikuwa na umri wa kutosha. Ajira ya mlezi ndiyo haikuwa na uhakika.

Dhana: Mwalimu mpenzi wa jinsia moja akimkaribisha kijana, hakosi kumtaka kimapenzi.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, kwa kuwa huwafanya walimu wema waogope kuonekana wameketi na mwanafunzi anayewahitaji. Ni kweli kwamba Locke alimtamani mshairi kijana Langston Hughes, na kwamba kwake ulezi na mapenzi vilichanganyika mara kadhaa. Jambo hilo halifai kufichwa, na ndiyo maana mipaka inapaswa kumbana kila mwalimu, awe anampenda nani. Lakini hebu tutazame kazi yenyewe. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ameleta barua ya kuomba kazi ya uhadhiri, akiwa amekata kwa kalamu sentensi inayosema kwamba alitafiti maisha ya wanaume kama yeye. Mlezi anamuuliza ni nani watakaoisoma barua hiyo, anamweleza yaliyompata yeye alipoandika yake, kisha wanaamua pamoja kama sentensi irudishwe. Ujuzi huo haumo katika mwongozo wowote wa chuo.

Dhana: Mlezi lazima afanane na mwanafunzi kwa kila hali.

Ukweli: Bayard Rustin, mwanaharakati Mweusi mpenzi wa jinsia moja aliyeandaa maandamano ya haki za kiraia ya Washington, alilelewa kisiasa na A. Philip Randolph, kiongozi wa wafanyakazi mwenye mke, ambaye alimtetea hadharani seneta Strom Thurmond alipomshambulia Rustin Agosti 1963, na maandamano hayo yakafanyika tarehe 28.

Dhana: Vyuo vya Wamarekani Weusi haviwataki wanafunzi hawa.

Ukweli: Hali hutofautiana na hubadilika. Bowie State, huko Maryland, ilifungua kituo cha kuwahudumia mwaka 2012. Morehouse, chuo cha wanaume huko Atlanta, ilipiga marufuku mavazi ya kike mwaka 2009, lakini mwaka 2019 ikatangaza kwamba wanaume waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wakihesabiwa wanawake, wangepokelewa kuanzia mwaka 2020. Kwa hiyo anayechagua chuo asitosheke na sifa zake za zamani, bali aulize ni walimu gani waliopo sasa, na kama wana nafasi ya kumpokea.