Soketi Iliyopwaya: Manasi Joshi na Dhahabu ya Basel

Baada ya kutwaa ubingwa wa dunia wa mpira wa vinyoya (badminton) wa watu wenye ulemavu mjini Basel, Uswisi, mwaka 2019, Manasi Joshi wa India alitaja jambo ambalo habari nyingi za michezo zililipita haraka. Kwa zaidi ya miaka 5 alikuwa amevaa soketi ileile kwenye mguu wake wa bandia, na soketi hiyo ilikuwa inamrudisha nyuma mazoezini. Mwaka ule ndipo alipopata mpya.

Niliposoma hayo niliweka chini kazi iliyokuwa mkononi. Mimi ni mtaalamu wa viungo bandia, nimesomea Moshi, na kila wiki nakaa mbele ya mtu ambaye mguu wake umepwaya naye hajui. Anadhani ni yeye aliyechoka. Anadhani ni unene, au uvivu, au umri. Ukimvua mguu unakuta soksi tatu, nne, zimepangwa moja juu ya nyingine ili kujaza nafasi.

Niieleze soketi kwanza, maana bila hiyo hadithi ya mwanamke huyu inabaki ile ya "alipata ajali, akajipa moyo, akashinda", na mimi siipendi hadithi hiyo kwa sababu inaruka kazi yote iliyofanyika katikati.

Soketi ni kile kikombe ambamo kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa, kinaingia, cha plastiki au cha nyuzi za kaboni. Goti bandia na unyayo huagizwa, hutoka kwenye boksi. Soketi haitoki kwenye boksi. Unachukua umbo la kigutu cha mtu huyo kwa plasta, unamimina jasi, unachonga, unapunguza hapa na kuongeza pale, mpaka upate kitu kitakachobeba uzito wake wote bila kumchubua. Tatizo ni kwamba kigutu ni nyama hai. Misuli isiyofanya kazi yake ya zamani hunywea. Mtu hunenepa, hukonda, huvimba akikaa kwenye ndege saa nyingi. Soketi iliyokaa vizuri mwezi wa tatu inaweza kupwaya kabla ya mwaka kwisha. Ikishapwaya, kila hatua kigutu kinazama kidogo kabla mguu haujaitika. Kwa anayekwenda sokoni ni kero. Kwa anayekimbilia kinyoya kinachodondoka nyuma ya wavu, pointi imekwenda.

Sasa mwenyewe. Manasi alizaliwa mwaka 1989 katika jimbo la Gujarat na kukulia Mumbai, mtaa wa Anushakti Nagar, kwa sababu baba yake alikuwa mwanasayansi katika kituo cha utafiti wa atomiki cha Bhabha. Baba ndiye aliyemfundisha kushika raketi akiwa mdogo. Alisomea uhandisi wa elektroniki, akaajiriwa kuandika programu za kompyuta. Tarehe 2 Desemba 2011 alikuwa kwenye skuta akielekea kazini, lori likamgonga na kuuponda mguu wa kushoto. Madaktari walijaribu kuuokoa. Siku chache baadaye nyama ilianza kuoza, ukakatwa.

Mwaka uliofuata, akiwa bado anajifunza kutembea, aliingia mashindano ya wafanyakazi wa kampuni yake dhidi ya watu wenye miguu miwili, akashinda. Mchezo ulikuwa bado mkononi, na mkono ulikuwa haujaguswa. Kilichobaki ni kuufundisha mwili uufikishe mkono mahali kinyoya kilipo.

Katika mpira wa vinyoya wa watu wenye ulemavu kuna madaraja 6. WH1 na WH2 ni ya viti vya magurudumu. SL3 na SL4 ni ya wanaosimama wakiwa na ulemavu wa miguu, SU5 ya ulemavu wa mkono, SH6 ya watu wenye kimo kifupi. Manasi yuko SL3. Kwa lugha ya karakana yangu, hapo ndipo wanapoangukia waliokatwa mguu mmoja juu ya goti; aliyekatwa chini ya goti kwa kawaida huenda SL4. Tofauti ya daraja moja kwenye karatasi ni tofauti ya goti zima, na goti ndilo ghali kuliko vyote, kwa fedha na kwa jasho. Anayetembea na goti bandia hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua, kwa sababu nyonga inafanya kazi ya viungo vitatu.

Wachezaji wa SL3, mmoja kwa mmoja, hucheza nusu uwanja. Urefu unabaki wote, mita 13.4, na wavu ni uleule, lakini upana hukatwa katikati. Anayeangalia kwa mara ya kwanza hudhani wamerahisishiwa. Keti uangalie pointi kumi. Kwa kuwa hakuna kona ya mbali ya kumtupia mpinzani, huwezi kummaliza kwa pigo la mshazari. Lazima umvute mbele kwa mpira mfupi, umrudishe nyuma kwa mpira mrefu wa juu, umvute tena, mpaka miguu yake ikatae. Pointi huwa ndefu, na hapo fundi wa viungo bandia anaanza kuona mambo ambayo mtangazaji hayasemi.

Chukua mchezaji anayeshika raketi kwa mkono wa kulia na aliyepoteza mguu wa kushoto. Akienda mbele, hatua ya mwisho, ile ndefu ya kujinyoosha, anaitua kwa mguu wa kulia, mzima. Mpaka hapo ni salama. Shida ni kurudi. Mtu mwenye miguu miwili hujisukuma kwa mguu wa mbele huku wa nyuma ukimvuta. Mguu wa bandia hauvuti. Kwa hiyo paja moja linafanya kazi ya mapaja mawili, mara mia na zaidi katika mechi moja. Akirudi nyuma kupiga mpira wa juu, uzito unahamia upande wa bandia, na goti likikunjika kabla ya wakati ataanguka chali. Anapaswa kuliamini goti hilo bila kulitazama, macho yake yakiwa juu kwenye taa za ukumbi. Imani hiyo inatoka kwenye soketi. Kigutu kikiwa kimeshikwa sawasawa, mtu anahisi sakafu kupitia mguu usio wake. Kikilegea, anabahatisha.

Alianza kusafiri kwa mashindano ya kimataifa, na Septemba 2015 alikuwa Stoke Mandeville, Uingereza, kwenye Mashindano ya Dunia. Mahali hapo pana uzito wake kwetu sisi: ndiko daktari Ludwig Guttmann alikowapanga askari waliopooza kushindana mwaka 1948, na michezo ya Paralimpiki ikazaliwa. Manasi alitoka na medali ya fedha katika mchezo wa wawili mchanganyiko, mwanamke na mwanamume. Mwaka 2017 huko Ulsan, Korea Kusini, alipata shaba ya mmoja kwa mmoja, na mwaka 2018 shaba nyingine kwenye Michezo ya Asia ya Walemavu, Jakarta. Dhahabu ya Jakarta ilikwenda kwa Parul Parmar, Mhindi mwenzake, aliyekuwa malkia wa daraja hilo kwa miaka mingi.

Mwaka huo wa 2018 alihamia Hyderabad, kwenye akademia ya kocha Pullela Gopichand, palepale alipotengenezwa P. V. Sindhu, nyota wa India wa mchezo huu kwa wasio na ulemavu. Akawa mwanamichezo wa kutwa nzima: vipindi viwili vya mazoezi kwa siku, wakati mwingine vitatu, kupunguza uzito, kujenga misuli. Hapo ndipo soketi ya miaka 5 ilipoanza kumnyima haki. Hebu fikiria mwili unabadilika kila mwezi ndani ya kikombe kisichobadilika. Kadiri alivyofanya mazoezi kwa bidii, ndivyo mguu ulivyomkaa vibaya. Wagonjwa wangu wengi huishia hapo, wanaacha mazoezi, na watu wanasema walikata tamaa.

Basel, Agosti 2019, kwa mara ya kwanza Mashindano ya Dunia ya kawaida na ya wenye ulemavu yalifanyika pamoja, mji mmoja, wiki moja. Fainali ya SL3 wanawake ilikuwa Manasi na Parul. Matokeo 21-12, 21-7. Nimeitazama mara nyingi, na ninachokitazama ni sekunde ile baada ya kila pigo: anarudi katikati kabla kinyoya hakijavuka wavu. Wiki hiyohiyo Sindhu naye alichukua dhahabu, vichwa vya habari vikamfuata yeye, na ilipita siku kadhaa kabla Wahindi wengi hawajajua kwamba wana mabingwa wa dunia zaidi ya mmoja. Heshima ilikuja baadaye: mwaka 2020 kampuni ya Barbie ilitengeneza mwanasesere anayefanana naye, mguu wa bandia ukiwemo, na mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Arjuna, heshima ya serikali ya India kwa wanamichezo.

Halafu ikaja Tokyo, na hapa nakasirika kila nikisimulia. Mpira wa vinyoya uliingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya 2020, iliyofanyika 2021. Matukio 14 yalipangwa. SL3 wanaume mmoja kwa mmoja ilikuwemo; Pramod Bhagat wa India aliichukua dhahabu yake. SL3 wanawake haikuwemo. Bingwa wa dunia hakuwa na tukio la kuingia. Njia iliyobaki ilikuwa kucheza na wenzake wa madaraja ya juu au kwa wawili, na kupitia huko hakufuzu. Kuna watu wanaodhani ulemavu unaisha kuwa kikwazo ukishashinda ubingwa. Huyu alikuwa na mguu mzuri hatimaye, na ratiba ndiyo iliyopwaya.

Ili kufuzu unahitaji pointi za viwango vya dunia, na pointi unazipata kwa kuzunguka. Dubai, Bahrain, Hispania, Thailand. Na Kampala: Uganda imekuwa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa ya mchezo huu, na Wahindi huja kwa wingi. Novemba 2021 timu yao ilikuwa Kampala mabomu yalipolipuka mjini, karibu na hoteli waliyofikia. Wote walikuwa salama, na waliendelea kucheza hadi wakaondoka na medali zaidi ya 40. Mtu mwenye mguu wa bandia katika mizunguko hiyo anabeba skrubu za akiba, soksi za akiba, dawa ya ngozi, na kigutu kilichovimba kwa safari. Anaweza kufika ukumbini mguu ukakataa kuingia.

Paris 2024 wakaongeza SL3 wanawake. Safari hiyo walichoondoa ni mchezo wa wawili wa wanawake wa SL3 hadi SU5, tukio ambalo Manasi na Thulasimathi Murugesan walikuwa wametoka kupata medali ya fedha kwenye Michezo ya Asia ya Walemavu huko Hangzhou. (Kwa wawili, jumla ya namba za madaraja haizidi 8, yeye ni 3, Thulasimathi ni 5.) Mlango mmoja ukafunguliwa, mwingine ukafungwa.

Akiwa na miaka 35 alicheza mechi mbili za kundi. Ya kwanza dhidi ya Qonitah Syakuroh wa Indonesia, alishinda seti ya kwanza akapoteza mbili. Ya pili dhidi ya Oksana Kozyna wa Ukraine, seti ya tatu iliishia 21-23. Akatoka. Dhahabu ilikwenda kwa Xiao Zuxian wa China, fedha kwa Syakuroh, na shaba kwa Mariam Eniola Bolaji wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kupata medali ya mchezo huu Paralimpiki. Nililia kwa Bolaji na kwa Manasi usiku mmoja.

Ile 21-23 bado inanikaa. Pointi mbili. Najiuliza ingekuwaje kama tukio hili lingekuwepo 2021, alipokuwa na miaka 32, mguu mpya, na dhahabu ya dunia shingoni.

Mwezi uliopita alikuja binti wa miaka 19. Alipoteza mguu kwa ajali ya bodaboda, juu ya goti, na kabla ya ajali alikuwa kipa wa netiboli shuleni. "Shikamoo dokta." "Marahaba mwanangu, tatizo nini?" Akakaa, akauvua. Soksi nne. Akasema, "Huu mguu unanisubirisha. Mimi nimeshafika, wenyewe bado."

Kwenye fomu yake ya zamani, iliyojazwa mahali pengine, penye "matumizi" pameandikwa "kutembea nyumbani". Hakuna aliyemuuliza. Nilibonyeza kigutu kwa kidole, nikaziangalia zile alama nyekundu na kuhesabu dakika. Zilipita 10 bado hazijafutika. Nikalowesha plasta.

Alhamisi alijaribu soketi mpya. Hatukutembea kwenda mbele kama ilivyo desturi. Nilimwambia aende pembeni, hatua mbili kulia, arudi, halafu nikamrushia mpira wa karatasi juu ya kichwa. Aliuangalia mpira. Mguu hakuuangalia.