Degedege linalokuja kabla ya uji: maswali na majibu kuhusu upungufu wa Glut1

Upungufu wa Glut1 ni nini?

Glut1 ni protini inayopitisha sukari kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Jeni yake, SLC2A1, ikiwa na hitilafu, damu huwa na sukari ya kutosha huku ubongo ukishinda na njaa. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1991 na Darryl De Vivo na wenzake. Ni nadra.

Dalili zipi zitutie shaka?

Kifafa kinachoanza mara nyingi katika mwaka wa kwanza na kisichotulia kwa dawa za kawaida. Wengine, wakiwa wachanga, hurusha macho huku na huku, kichwa kikifuata. Baadaye mtoto huchelewa kusema, huyumba akitembea, na kichwa huweza kukua polepole.

Angalieni sana saa. Mtoto ameamka legelege, miguu haimshiki, anashtuka. Akishakunywa uji anachangamka. Si wote wako hivyo, lakini ukiona hali hiyo, andika saa ya tukio na saa ya mlo wa mwisho, umrekodi kwa simu. Video ya dakika moja humwonyesha daktari mengi.

Mbona kwetu degedege ni malaria?

Lindi na Mtwara malaria ipo, basi ipimwe kwanza, pamoja na sukari ya kidole. Degedege lisilo na homa, linalojirudia huku vipimo hivyo viko safi, lina sababu nyingine. Tafadhali msiishie kwenye dawa ya malaria kila mara.

Hugunduliwaje?

Kwa kupima maji ya uti wa mgongo, na hapa ndipo makosa hutokea. Mtoto akae saa 4 hadi 6 bila kula, akiwa chini ya uangalizi hospitalini. Msimshindishe njaa nyumbani. Damu ya kupima sukari itolewe kabla tu ya kuchoma sindano ya mgongo, kwa sababu kilio na maumivu huipandisha na kuharibu ulinganisho. Maji yafike maabara mara moja.

Tuseme damu ina 5.0 mmol/L na maji yana 1.9. Gawanya: 0.38. Kwa kawaida hupatikana 0.6 au zaidi. Wagonjwa wengi huwa chini ya 2.2 kwenye maji, ingawa wenye hali nyepesi huweza kuzidi hapo.

Homa ya uti wa mgongo nayo hushusha sukari hiyo, ila huja na chembe nyeupe nyingi na laktati (tindikali itokanayo na sukari) iliyopanda. Kwenye Glut1 chembe ni za kawaida, laktati iko chini au kawaida. Kipimo cha jeni huthibitisha.

Je, mama amekosea?

Hapana. Mara nyingi hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe.

Tiba je?

Mlo wa ketojeniki: mafuta mengi, wanga kidogo sana, ili ubongo utumie ketoni, yaani nishati ambayo mwili huitengeneza kutokana na mafuta, badala ya sukari. Usianzishwe nyumbani, daktari na mtaalamu wa lishe wapime gramu, na kwanza wahakikishe mwili wa mtoto unaweza kuchoma mafuta. Tui zito la nazi husaidia. Uji wa muhogo na ubwabwa ndivyo vinavyouvuruga. Chai na kahawa asipewe, maana kafeini huizuia Glut1. Fenobabitoni, dawa ya kifafa, nayo imeonekana maabara kuizuia, kwa hiyo mwulizeni daktari kabla ya kuitumia kila siku. Lakini degedege likipita dakika 5, dawa ya dharura isicheleweshwe.

Dawa za maji, hata ya homa, mara nyingi zina sukari: mwombeni mfamasia kidonge cha kusaga.