LM567 inawaka kwa kila kelele? Angalia kwanza sauti inaingia na nguvu gani

Jamani, wengi wanaoniuliza kuhusu saketi ya kunasa toni ya LM567 (chipu inayowasha LED ikisikia frikwensi uliyoipanga) wamekwama palepale nilipokwama mimi: hesabu ya frikwensi wameipatia ila LED haina adabu, ukipiga makofi inawaka, ukikohoa inawaka.

Ndani ya hii chipu kuna osileta (kitengeneza mawimbi), unaipangia frikwensi yako, sauti ikiingia pini ya 3 osileta inajaribu kuifuata, ikishaishika basi pini ya 8 inashuka chini na LED inawaka. Frikwensi ni 1 gawa kwa 1.1 × R × C, rizista inakaa kati ya pini ya 5 na ya 6, kapasita kutoka ya 6 kwenda graundi. Mimi nilitaka hezi 1000, nikaweka kapasita ya maikrofaradi 0.1, rizista ikaja kama ohmu 9,090, kwa hiyo nikaunga ya kilo-ohmu 6.8 na poti (rizista ya kuzungusha) ya kilo-ohmu 5 nikawa narekebisha taratibu. Pimia pini ya 5 kabla hujaingiza sauti, mita yenye hezi inatosha. Ya 6 iache, ukiigusa na mita frikwensi inaweza kuhama. Na kapasita hiyo iwe ya plastiki, zile za seramiki za bei chee zinahama na joto, mimi nilisogeza tu solda ya moto karibu nikaona namba zinatembea zenyewe kwenye mita!

Haya, tatizo lenyewe. Upana wa bendi, yaani eneo la frikwensi ambalo chipu inalikubali, unategemea nguvu ya sauti: 1070 mara kipeuo cha pili cha (Vi gawa kwa (f × C2)), Vi ni sauti inayoingia kwa volti, f ni frikwensi kwa hezi, C2 ndiyo kapasita ya pini ya 2, kwa maikrofaradi, na jibu ni asilimia ya frikwensi yako. Milivolti 100 na C2 ya 1 unapata kama 10.7%, shusha hadi milivolti 25 inabaki nusu yake. Ukipita milivolti 200 bendi imeshafika mwisho wake, kama 14%. Mimi nilikuwa naingiza zaidi ya volti nzima kutoka kwenye amplifaya ya maikrofoni halafu nashangaa!

Nikaweka poti mbele ya pini ya 3, nikashusha hadi milivolti 100, C2 nikapandisha 4.7, kapasita ya pini ya 1 nikaweka 10, bendi ikaja karibu 5% na makofi yakaacha kuisumbua. Gharama yake ni kwamba inachelewa kujibu, toni fupi sana inaipita hivihivi.

Umeme usizidi volti 9 tafadhali, 12 unaweza kuiunguza.

Kitu kingine, hii chipu ukiipangia hezi 1000 inaweza kuitikia na hezi 5000, mimi nilikamatwa na mluzi mkali. Rizista ya kilo-ohmu 1 na kapasita ya 0.1 kwenda graundi kabla ya poti vilipunguza huo mluzi hadi LED ikatulia.