xESMF kwenye kompyuta yako: tenga mazingira, kisha uingie ndani yake

Vijana wanaoshughulika na data za bahari hapa Tanga huniuliza mara kwa mara kwa nini xESMF, kifurushi cha Python, inawasumbua kwa pip (kisakinishi cha kawaida cha Python) ilhali vifurushi vingine vinaingia bila shida. Sababu ni kwamba sehemu nzito ya kazi yake haifanywi na Python.

xESMF huhamisha data kutoka gridi moja, yaani mpangilio wa visanduku vya ramani, kwenda nyingine. Chukua joto la uso wa bahari kwenye mkondo wa Pemba. Data za joto hilo za OISST, za NOAA (shirika la Marekani la bahari na anga), zinaanzia 1981, lakini kila kisanduku ni robo ya digrii, yaani kama kilomita 28. Kutoka pwani yetu hadi Pemba ni takriban kilomita 50, kwa hiyo mkondo mzima unaishia kwenye visanduku viwili hivi, navyo vimemegwa na nchi kavu! Data nyingine za joto hilo, MUR za NASA, zinaanzia 2002 na visanduku vyake ni vya kilomita moja hivi. Huwezi kuzilinganisha mpaka uzilete kwenye gridi moja. Hesabu hiyo hufanywa na ESMF, maktaba ya Fortran na C++, ambayo nayo inategemea maktaba nyingine kama netCDF, ya kusoma mafaili ya data. Pip itakuletea xESMF yenyewe, lakini ESMF utabaki kuitafuta mwenyewe.

Ndiyo maana naitumia conda, kisakinishi kinacholeta hata maktaba zisizo za Python, na vifurushi nachukua conda-forge, hazina yake ya mtandaoni:

conda create -n bahari -c conda-forge python=3.12 xesmf netcdf4 matplotlib jupyterlab

Amri hiyo inatengeneza mazingira yanayoitwa bahari, yaani folda yenye Python yake na maktaba zake, ikiwemo ESMF. Python ya mfumo haiguswi. Kwenye Ubuntu za sasa, ukijaribu pip nje ya mazingira unakutana na ujumbe wa externally-managed-environment. Mtandaoni utaambiwa uongeze --break-system-packages. Usithubutu. Ubuntu yenyewe inaitumia Python hiyo kwa shughuli zake, ukiivuruga umejitafutia kazi ya kuanza upya. Wa Windows, pitia WSL (Linux ndani ya Windows), utasalimika na mengi.

Sasa penye kero hasa. Mtu amemaliza kusakinisha, anafungua Jupyter (daftari la kuendeshea Python), anaandika import xesmf, anapata:

KeyError: 'ESMFMKFILE'

Wengi hapa hufuta kila kitu na kupakua upya, bando linakwisha na kosa liko palepale. Usakinishaji haukuwa na tatizo. ESMF inahitaji kuambiwa faili lake la esmf.mk liko wapi, na inaambiwa kupitia kigezo cha mazingira kinachoitwa ESMFMKFILE. Kigezo hicho huwekwa pale unapoandika conda activate bahari. Ukiiita Python ya mazingira hayo kwa njia yake ndefu, au Jupyter ya nje ikaiendesha kama kerneli (injini yake ya kutekeleza amri), folda ni ileile lakini activate haikupita, na kigezo hakipo.

Kwa hiyo fungua terminali, andika conda activate bahari, kisha jupyter lab humohumo. Ukitaka uhakika, andika echo $ESMFMKFILE; ikitoka njia inayoishia na esmf.mk, uko ndani. Ikitoka mstari mtupu, usihangaike na msimbo wako, rudi kwenye activate. Wapo wanaokiandika kigezo hicho ndani ya .bashrc ili kisiwasumbue tena. Mimi siafiki: siku ukitengeneza mazingira ya pili yenye ESMF ya toleo jingine, unaweza kujikuta ukiendesha hili kwa faili la lile.

Kuhusu bando: mazingira ya pili si lazima yakugharimu kama ya kwanza. Conda huhifadhi vifurushi ilivyovipakua, na toleo lilelile likihitajika tena halipakuliwi. Yakiwa kwenye diski moja, kwa kawaida mafaili hata hayanakiliwi, yanaunganishwa tu. Basi kila mradi upe mazingira yake bila hofu. Ila conda clean --all inafuta kwenye akiba hiyo vifurushi visivyotumiwa na mazingira yoyote, kwa hiyo iache mpaka diski ikubane kweli, tena ukiwa kwenye intaneti ya ofisini.