Maana ya udhaifu wa uzeeni

Udhaifu wa uzeeni, kwa maana ya kitabibu, ni hali ya akiba ya mwili kupungua katika viungo na mifumo mingi kwa pamoja, kiasi kwamba jambo dogo kama kuharisha kwa siku mbili au dawa mpya humlaza mzee ambaye juma lililopita alikuwa akijipikia mwenyewe. Hali hii haihesabiwi kwa miaka, kwani yuko bibi wa miaka 85 anayepalilia shamba lake na yuko mzee wa miaka 66 asiyeinuka kitini bila kushika meza. Kwa hiyo kauli ya "ni uzee tu", isikikayo nyumbani na hata katika chumba cha daktari, huufunga uchunguzi kabla haujaanza.

Mwaka 2001 mtafiti Linda Fried na wenzake, nchini Marekani, walitaja dalili tano za udhaifu huu: kukonda bila kukusudia, uchovu, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye moja au mbili yumo njiani, na kwa maoni yangu huyo ndiye wa kutafutwa kwanza, kwa sababu bado ni rahisi kumrudisha.

Nchini Uingereza, tangu 2017, madaktari wa familia wa England wametakiwa kuwatambua wagonjwa wa namna hii wenye miaka 65 na zaidi, wakisaidiwa na kumbukumbu za kompyuta. Zahanati isiyo na kompyuta ina sakafu: hupimwa mita nne, mzee hutembea kwa mwendo wake wa kawaida, na akizidisha sekunde tano huchunguzwa zaidi, ingawa goti linalouma nalo huchelewesha hatua, hivyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kutoa hukumu.

Matunzo yaanze na mfuko wa dawa. Mzee aje na dawa zake zote, zikiwamo za dukani na za usingizi, kisha shinikizo la damu lipimwe akiwa amelala na tena akiwa amesimama, kwa maana wengi huanguka kwa kizunguzungu kinacholetwa na dawa zilizokusudiwa kuwasaidia. Kisha yafuate mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, hata kuinuka kitini mara kadhaa kila siku, pamoja na chakula chenye protini kama maharage, mayai na dagaa. Lakini atazamwe kinywa kwanza, maana ushauri wa maharage haumfai asiyeweza kutafuna. Mtoto wa jicho, sonona na upungufu wa damu vina tiba, navyo visipotafutwa huonekana kama uzee. Kwa aliyedhoofu sana mwenye kisukari, lengo la sukari hulegezwa, kwa kuwa sukari ikishuka mno humletea madhara ya haraka kuliko ikipanda kidogo.